Saa Zilikuwa Upande wa Wanaume

Mwezi uliopita mliniaga kwa keki, soda na hotuba ya meneja, kisha mkaniomba niandike chochote kuhusu miaka yangu ya ufundi, kisomwe na mafundi wanaoanza. Haya, nimeandika. Anayetafuta habari za vyeo na mishahara aishie hapa, maana vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mshahara wa gereji yetu kila mtu anaujua. Nitaandika kuhusu benchi moja la kazi, na kuhusu dereva mmoja aitwaye Kabula. Siku ile ya kuniaga alikaa nyuma kabisa, mama mrefu mwenye kitenge cha kijani. Hakuna hata mmoja wenu aliyemjua. Mkiona maandishi haya yana hasira, imeanzia hapo, na sitaiombea radhi.

Mimi nilizaliwa ufukweni mwa ziwa, upande wa Mara, kwa Wajita. Baba alikuwa mvuvi siku za kazi na mwalimu wa kwaya Jumapili. Alikuwa na injini moja ya mtumbwi, kuukuu, ambayo ilizimika mara nyingi kuliko ilivyowaka, na kwa kuwa kaka zangu walikuwa wavivu wa kushika grisi, mimi ndiye niliyekuwa namshikia spana. Niliondoka nyumbani kwenda chuo cha ufundi nikiwa msichana peke yangu darasani, na nilipomaliza nikapangiwa Mwanza, karakana ya chama cha ushirika, palipotengenezwa malori ya kubeba pamba.

Siku ya kwanza nilipokelewa vizuri mno. Nasema mno kwa makusudi. Walikuwa wameniandalia kona yangu nyuma ya stoo: wamefagia, wamepaka chokaa, wameweka benchi jipya la mninga na seti ya spana ambazo hazijaguswa na mtu. Mafundi wengine waligombea spana moja namba kumi na saba watu sita, na mimi nilikuwa na yangu. Wakapaita "kona ya dada". Kazi nilizoletewa zilikuwa kuziba rejeta, kusafisha plagi na kushona viti vya malori. Niliandika barua nyumbani nikajisifu sana, na baba akaisoma mbele ya kwaya.

Ilinichukua muda kugundua kwamba kwenye kona yangu hakukuwahi kufika giaboksi, wala injini, wala hata ekseli. Hakuna aliyenikatalia. Ni kwamba njia ya kuingia kule ilikuwa mlango wa stoo, mlango wa mtu kupita kwa miguu, kwa hiyo kazi zilizonifikia ni zile tu zinazobebeka mkononi. Ningeweza kukaa pale mpaka kustaafu, nikiwa na spana safi kuliko wote, na nisijue lori linafungwaje.

Fundi mkuu wetu alikuwa Mzee Lameck, Mkerewe mmoja mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Asubuhi moja nilifika nikakuta kona yangu tupu.

"Shikamoo mzee. Benchi langu limeibwa."

"Marahaba. Halijaibwa, limehama."

Alikuwa ameliburuta mwenyewe mpaka katikati ya karakana, ukingoni mwa shimo la kutengenezea malori, na juu yake ameweka giaboksi linalovuja. Mafundi wawili wakalalamika kwamba binti wa watu atachafuka. Mzee Lameck akawaambia kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe, akaenda kunywa chai. Giaboksi lile nililifunga vibaya, nikalifungua, nikalifunga tena vibaya, na spana zangu mpya zikaanza kuazimwa na kila mtu kama za wengine. Nililia chooni. Lakini mwaka ulipoisha nilikuwa fundi.

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha yale ambayo mmekuwa mkinicheka nikiyafanya. Kuweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake kwenye taya, ili mfupa wa taya usikie kinachogonga. Kupima nafasi ya platini, zile ncha mbili ndogo za kuamsha cheche ya injini, kwa kipande cha boksi la sigara pale geji inapokosekana. Na zaidi ya yote, kutomwambia dereva gari lake lina nini mpaka yeye amalize kukuambia alisikia nini. Fundi anayeongea kwanza huishia kutengeneza gari ambalo halikuletwa.

Kisha likaja soko huria. Sitawachosha kwa siasa. Nilichokiona mimi ni kwamba chama cha ushirika kilishindwa kuwalipa wakulima, wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na mizani yao, na malori yetu yakabaki juu ya mawe, majani yakiota kwenye matairi. Karakana ikafungwa. Mzee Lameck alipakia kasha lake la vifaa kwenye meli akarudi Ukerewe, na huko ndiko alikozikwa. Mimi nikachukuliwa na gereji hii yenu, ambayo wakati huo ilikuwa ya Bwana Kamugisha.

Mliomkuta mzee hamumjui. Zamani zile alikuwa kijana aliyetajirika kwa sangara. Viwanda vya minofu vilikuwa vinafunguliwa ufukweni kimoja baada ya kingine, magari ya mitumba yanashuka kutoka Japani, na yeye alikuwa na pikapu nyingi za kupeleka barafu kwenye mialo ya wavuvi na kurudi na samaki. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye huruma kwa wagonjwa na mkali kwa wachelewaji, na alikuwa na ugonjwa mmoja: mbio za magari. Kila mwaka aliingiza gari kwenye rali ya kanda, na kila mwaka likarudi likivutwa kwa kamba.

Kabula alikuwa dereva wake wa barafu. Baba yake, Mzee Masanja, alikuwa dereva wa lori la ushirika, na ndiye aliyemfundisha kuendesha kwenye mbuga, ile ardhi nyeusi ya Usukumani ambayo mvua ikinyesha inakamata gurudumu na kulishikilia. Pikapu za wenzake zililetwa kwangu zimevunjika springi, shokapu zimelala. Ya Kabula ililetwa kubadilishwa oili. Nikadhani anaendesha polepole. Siku moja nikaomba lifti mpaka mwalo wa mbali, nikajua mwenyewe. Barafu ilikuwa imefunikwa kwa pumba za mpunga, jua kali, na yule binti alikwenda kwa kasi ambayo ilinifanya niimbe nyimbo za baba kimoyomoyo, ila kila shimo alilijua kabla hatujalifikia na gari halikupiga chini hata mara moja.

"Nani alikufundisha kukwepa hivi?" nilimuuliza tuliposhuka.

"Barafu," alisema. "Ukichelewa inafika maji. Ukirukaruka inafika vipande. Mvuvi hataki maji wala vipande."

Hapo ndipo kampuni moja ya sabuni ilipotangaza mbio za kinamama. Sabuni zilikuwa zimejaa sokoni ghafla na kila mmoja alitaka yake ijulikane. Kwa msimu mzima wanawake watashindana wao kwa wao, na mbio za mwisho zitafanyika siku moja na rali ya wanaume, uwanja mmoja. Bwana Kamugisha alitukusanya gerejini akiwa na furaha ya mtoto, akatuambia atatoa pikapu na mimi nitaifunga. Kisha akamgeukia Kabula mbele yetu sote.

"Ukishinda hizi za kinamama, mwakani nakupa kiti cha gari la pili, rali ya wote. Mafundi mmesikia?"

Tulisikia. Kuanzia siku hiyo Kabula hakuwa na habari nyingine. Alikuwa na watoto wawili, na mume aliyekwenda machimboni akasahau njia ya kurudi, na sikuwahi kumsikia akitamani nyumba wala nguo. Alitamani kile kiti. Kila alipoleta pikapu ya barafu, alipita kwanza kuangalia gari la rali la wanaume, anaweka mkono kwenye kiti cha dereva, kisha ndipo ananisalimia.

Zile mbio zilikuwa nzuri, nisiwadanganye. Walikuja mwalimu mmoja wa Butimba, muuguzi, wake wawili wa wenye viwanda na binti wa mwenye mashine ya kusaga. Wengi wao ilikuwa mara yao ya kwanza kuruhusiwa kukanyaga mafuta mpaka mwisho, na walishuka kwenye magari wakicheka huku wakitetemeka. Nilifunga matairi yao pia, maana mafundi wao walikuwa wanawatania badala ya kuwahudumia. Kabula alishinda mbio za kwanza kwa mbali na za pili kwa mbali zaidi.

Uwanja wa mbio za mwisho ulikuwa wa mnada wa ng'ombe, nje ya mji. Upande wa barabara ndipo rali ya wanaume ilipoishia. Kamati ilikuwa imepiga turubai pale, imeweka meza, viti vya wageni, bendera, na makarani wenye saa za kupimia zilizoning'inia shingoni. Upande wa pili, kwenye mazizi, ndipo tulipopangiwa sisi: njia ya mviringo iliyozungushiwa matairi chakavu. Nilizunguka nikitafuta saa yetu, sikuiona, nikaenda kumuuliza katibu wa kamati.

"Dada fundi, nyie mnaanza pamoja," alinijibu kwa upole. "Anayefika kwanza anaonekana kwa macho. Saa ya nini?"

Alilosema lilikuwa kweli, nikarudi mazizini.

Sasa lazima nieleze jambo moja kwa wale ambao hawakukulia Usukumani. Baada ya mavuno wenzetu wana mashindano ya ngoma. Makundi mawili, Wagika na Wagalu, hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kundi upande wake. Hakuna jaji. Watazamaji wanasimama wanapopenda na kuhama wanapopenda, na kundi litakalovuta umati upande wake ndilo lililoshinda, hata lile lililoshindwa linakubali. Kwa hiyo mchezaji akiona watu wanaanza kuja kwake, hapo ndipo anapotoa la kushangaza alilolificha, ili wasirudi. Mzee Masanja alikuwa mchezaji wa Wagalu tangu ujana wake, na nyumbani kwake hakuna mtoto aliyekua bila kujua sheria hiyo. Siku ile alikuja na ukoo mzima, wamepanda lori la mtu.

Mwanzoni watu wote walikuwa upande wa turubai. Lakini rali, mnajua, ni mchezo wa kusubiri. Gari moja linapita, vumbi linatua, watu wanapiga miayo mpaka jingine lije. Sisi magari yetu yalikuwa mbele ya macho muda wote. Watu wakaanza kuvuka uwanja wawili wawili, kisha kwa makundi, kisha wauza miwa wakabeba miwa yao wakawafuata. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye matairi na dumu la maji, nikamwona Kabula akiinua macho kuangalia umati unavyokuja. Alikuwa mbele kwa umbali wa kutosha. Na mara akabadilika.

Alifika kwenye kona iliyo karibu na watu akavuta hendibreki. Mkia wa pikapu ukazunguka, vumbi likapanda kama pazia, na alipotoka ndani yake alikuwa ametoa mkono dirishani, kiganja juu, vile wachezaji wanavyofanya. Umati ukaitikia kwa sauti moja. Kona iliyofuata akafanya tena, safari hii kwa upande wa pili. Alikuwa anapoteza mwendo na mimi nilijua, lakini wenzake walikuwa nyuma mno hata wasiweze kufaidika. Wazee wa Wagalu wakaanza kuimba. Hata madereva wa rali waliokwisha kufika walikuja kuangalia, wakiwa wameshika kofia zao.

Alipomaliza, Mzee Masanja alipita katikati ya watu, akamshika bintiye bega na kumgeuza kuelekea turubai. Kule walikuwa wamebaki makarani na mwenye bendera.

"Angalia kule," alimwambia. "Umewashinda, mwanangu. Umewashinda wanaume. Wabeja sana." Ndiyo asante ya Kisukuma.

Kabula alinitafuta kwa macho. "Dada Anna, umeona? Hakuna mtu kule."

"Nimeona."

"Basi kiti ni changu."

Usiku ule kwa Mzee Masanja alichinjwa fahali. Sikumcheka mtu yeyote kwa jambo hilo wala sitaki mcheke ninyi. Kwa sheria waliyoijua, na ambayo inafanya kazi vizuri kuliko kamati nyingi nilizowahi kuziona, alikuwa ameshinda, mbele ya mashahidi, mchana kweupe.

Wiki iliyofuata nilisikia kwamba kiti cha gari la pili amepewa Edmund, mpwa wa Bwana Kamugisha, ambaye katika rali ile alimaliza wa mwisho miongoni mwa waliomaliza. Nilipanda ofisini na ovaroli langu la mafuta.

"Bosi, uliahidi mbele yetu."

"Niliahidi, Anna, sikatai." Hakunikwepa macho. "Lakini anayesajili ni kamati, na kamati imeniuliza muda wa Kabula ni upi. Nimwandikie muda gani?"

"Hawakumpima."

"Ndiyo hivyo. Muda wa Edmund ni mbaya, lakini upo."

"Si wao waliokataa kuweka saa?"

"Ni wao." Akacheza na funguo zake. "Na kuna jambo jingine. Watu wa sabuni wamenipigia simu. Wanasema uwanja mzima ulikwenda kwake. Mwakani kama Kabula hayupo kwenye mbio za kinamama, na wao hawapo. Wale wanawake wengine watakimbia kwa pesa ya nani? Niambie wewe, nimwondoeje?"

Nimeyafikiria maneno yale miaka mingi. Hayakuwa ya mtu mbaya. Bwana Kamugisha alimpenda Kabula, alimlipia mtoto wake matibabu, na alipoona wivu wa madereva wanaume alimtetea. Lakini kile kilichotakiwa kumtoa kwenye mbio za kinamama, yaani kushinda, ndicho kilichomfungia humo. Angeshindwa, wangesema hafai. Ameshinda, wanasema hawawezi kumwachia.

Nilimfuata mwaloni kumwambia, nisimwache asikie kwa watu. Alikuwa anashusha barafu, pumba zimemjaa nywele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kushusha.

"Nisingecheza na ile kona," alisema baadaye, "watu wasingekuja wote. Wangenipa?"

"Hapana. Usingekuwa na muda vilevile."

"Sasa mimi nilitakiwa kufanya nini, dada?"

Nikapanda kwenye pikapu, nikamsaidia kushusha barafu iliyobaki.

Msimu uliofuata aliomba apimwe. Kamati ikasema makarani wana kazi nyingi. Nikanunua saa ya kupimia kwa fedha yangu, wakasema saa isiyo ya kamati haitambuliki. Akaomba kuingia rali ya wote kwa kujitegemea, na gari la kuazima. Wakamwonyesha kanuni: leseni ya rali ya wote hupewa aliyewahi kumaliza mashindano yanayotambuliwa, na mbio za kinamama hazimo. Nikauliza kwa nini hazimo, nikajibiwa ni kwa kuwa hazina muda. Kila mlango tuliobisha hodi ulitufungulia kwenye chumba kilekile.

Liko moja ambalo bado likinijia nakosa usingizi. Kabla ya magari ya rali kuanza, gari moja hutangulia kupita njia nzima, kuhakikisha hakuna ng'ombe wala watoto barabarani. Haligombei chochote. Mwaka huo dereva wake aliumwa malaria na kamati ikamwazima Kabula, na mimi nikakaa pembeni yake. Alipita njia yote ya wanaume, mbuga yote, kwenye tope lililoachwa na mvua ya alfajiri, mbele yao wote. Aliendesha vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Vijijini watu walikuwa wanapiga vigelegele wakidhani ndiye anayeongoza, na yeye alikuwa anawapungia. Tulifika kwenye turubai, karani akiwa ameketi na saa shingoni, akatuuliza kama njia ni salama. Kabula akamwambia ni salama, ila kuna sehemu nyeusi baada ya daraja, wapunguze. Edmund hakupunguza. Tulikwenda kumtoa kwenye tope mchana, mzima, amekasirika.

Baada ya hapo zile mbio zilianza kunyauka mbele ya macho yetu. Zikahamishiwa wakati wa chakula cha mchana, wageni wakiwa wanakula. Njia ikafupishwa. Zililetwa ngoma za kukodi, kisha vitambaa vya rangi vya kufunga kichwani badala ya kofia ya chuma, mpaka nilipogomba. Picha ya Kabula ikachapwa kwenye boksi la sabuni, anacheka, mkono dirishani. Mwalimu wa Butimba aliacha, akaniambia amechoka kuwa kitindamlo. Kisha sabuni za bei rahisi zikavuka mpaka, kampuni ikaanza kusuasua, na mwaka mmoja tukasubiri tangazo la mbio na halikuja. Hakuna aliyetuandikia kwamba zimekwisha.

Kabula alirudi kwenye barafu. Baadaye akaajiriwa kuendesha gari la wagonjwa ng'ambo, Sengerema, na huko amefanya kazi mpaka juzi. Ziko familia kule zenye mama na mtoto kwa sababu yeye aliwahi kivuko. Hilo nalo hakuna aliyelipima. Wale wanaume wa rali, hata waliobiringika kila mwaka, baadhi yao wamekuwa wanakamati, wakufunzi, wenye maduka ya vipuri, na wakihojiwa redioni wanaitwa wakongwe.

Vijana wa gerejini huwa mnaniuliza, mkiona kwenye simu zenu mbio za magari za wanawake watupu huko duniani, kama ni jambo jema. Mnadhani nitashangilia. Kabula akija kwangu Kiseke tunabishana juu ya hilo mpaka chai inapoa, na yeye ndiye anayezitetea.

"Bila zile mbio nisingeshika usukani wa gari la mashindano hata siku moja," huniambia.

"Na kwa sababu ya zile mbio hukushika mwingine."

"Hilo nalo kweli. Lakini ile siku moja naikumbuka, Anna. Usininyang'anye."

Simnyang'anyi. Ninachosema ni hiki. Mche wa nyanya unaupanda kwenye kitalu, sawa, uko mdogo, jua kali. Lakini unajua tangu siku ya kwanza kwamba utauhamisha shambani. Ukiuacha kitaluni unarefuka, unapendeza, na hauzai. Kwa hiyo mtu akiniambia ameanzisha mbio za wanawake, simuulizi zawadi ni nini. Namuuliza muda wao utaandikwa pamoja na wa nani, na mshindi siku inayofuata anakwenda wapi. Akianza kunieleza rangi za magari, nimeshapata jibu. Mimi sikupata ufundi kwa sababu walinipa kona. Niliupata kwa sababu mzee mmoja wa Kikerewe aliburuta benchi. Kabula alikuwa na kipaji kunizidi mara nyingi, na hakuna aliyelishika benchi lake hata kwa kidole. Hayo ndiyo yananiuma, na kustaafu hakujayapunguza.

Basi nirudi kwenye siku mliyoniaga. Baada ya keki, meneja alitupeleka nyuma, akavuta kitambaa, na pale palikuwa na kona mpya iliyopakwa rangi ya waridi, benchi jipya la mninga, vifaa vipya vinang'aa ukutani, na kibao kimeandikwa jina langu: Kona ya Mafundi wa Kike. Mabinti wawili wanaoanza kazi walikuwa wamesimamishwa pembeni kwa ajili ya picha. Mlipiga makofi, na nilijua mlikuwa na nia njema, kwa hiyo nilishukuru, nikapigwa picha nikitabasamu.

Kabula hakupiga makofi. Alipita kati yenu na kitenge chake cha kijani, akaingia ndani ya ile kona, akatazama ukuta huu, akatazama ule, kisha akageuka kuutazama mlango aliopitia. Akamuuliza meneja, kwa heshima kabisa, kama mtu anayeuliza njia:

"Na gari linapita wapi?"

Meneja alicheka, akidhani ni utani. Wale mabinti hawakucheka, niliwaona. Mabinti wangu, haya maandishi ni yenu kuliko ya mtu mwingine. Mimi sipo tena hapo, na Mzee Lameck yuko kaburini Ukerewe. Benchi lile ni la mninga, zito, lakini mko wawili. Jumatatu fikeni mapema.